Saruji Juu ya Chokaa

Kila siku, kiasi cha saa nne asubuhi, mtembeza watalii mmoja au mwengine huwasimamisha watu wake mbele ya duka langu na kuanza kuisingizia nyumba yetu. Mmoja husema ilikuwa ya binti wa mfalme. Mwengine husema chini palikuwa na gereza. Wageni wanatikisa vichwa, wanapiga picha, na mie nimekaa kwenye kibao changu napanga vifungo, nausikiliza uongo ule kwa lugha nne. Zamani nilikuwa nikitoka nje kuwasahihisha. Nimeacha, maana nimeona ukweli wa nyumba hii hauna mnunuzi. Hakuna mtu aliyepanda ndege kuja Unguja ili aambiwe hapa palikuwa ghala la karafuu.

Lakini ndivyo palivyokuwa. Nyumba hii aliijenga tajiri wa Kihindi kwa ajili ya biashara, basi. Mbele, chini, akaweka milango mitatu ya duka, ile ya mbao inayokunjwa. Nyuma akaweka ghala. Juu akakaa mwenyewe na watu wake, na akatia roshani ya mbao za nakshi ili wanawake wake waione njia bila ya kuonekana. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya urefu wake. Mtu alikuwa na uwezo wa kununua mtaa mzima, lakini upana wa chumba chake cha kulala ulipangwa na mti wa pwani. Kwa hilo tu nampenda yule tajiri, ingawa sikumjua. Na ghala lake mpaka leo, masika yakishika siku tatu mfululizo, sakafu inatoa harufu ya karafuu. Asiyeamini na aje anuse.

Baada ya Mapinduzi nyumba ikawa ya serikali. Chini pakawa duka la umma, na watu wa umri wangu wanazikumbuka foleni zake: unga, sukari, sabuni ya kipande, na siku ya bahati doti moja ya kanga. Mie nilikuwa mtoto, nilikuwa naweka nafasi kwa jiwe. Unaweka jiwe lako kwenye mstari unakwenda zako chuoni kusoma Kurani, ukirudi jiwe ndilo lililokusimamia. Na walikuwepo watu wazima, wenye heshima zao, waliokuwa wakiyahamisha mawe ya watoto. Wengine bado wako hai, na tunasalimiana.

Biashara iliporuhusiwa tena, milango mitatu ile ikakodishwa kwa watu watatu. Mmoja alikuwa baba yangu. Akafungua duka la vifaa vya ushoni: nyuzi, sindano, zipu, lesi, vifungo, na nyuzi za kushonea kofia za viua. Alipofariki nikaingia mie, kwa sababu kaka zangu walisema vifungo si kazi ya mwanamme. Haya. Kazi hiyo isiyo ya mwanamme ndiyo iliyowasomeshea watoto wao, lakini leo sikukaa kuandika habari za kaka zangu.

Mlango wa kushoto kwangu ni muuza viatu, wa kulia ni muuza simu. Na juu, kwenye vyumba vya mbele, juu ya kichwa changu hasa, alikuwa akikaa Bi Mkubwa. Hatukuwa na undugu naye. Alipewa vyumba vile pamoja na mumewe, karani, wakati nyumba ilipogaiwa. Mume akafa, watoto hawakujaaliwa, yeye akabaki. Tangu nilipokuwa msichana namletea baba chakula, alikuwa akigonga sakafu yake kwa fimbo mara mbili, nami najibu "Naam" kwa sauti, natoka njiani, nakuta kikapu kinashuka kwa kamba kutoka roshani. Ndani mna kileja, au vipande viwili vya muhogo wa nazi, au kanzu ya mumewe iliyopotelewa na kifungo. Baba alipokufa, kikapu kilishuka siku arubaini mfululizo na uji wangu ndani, maana alijua nyumbani sipiki. Mama yangu nilimkosa mapema. Nasema hivi ili ifahamike Bi Mkubwa alikuwa nani kwangu, kabla sijasema nilichomfanyia.

Sasa nije kwenye chokaa. Kuta za nyumba hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo mwekundu na chokaa, nene kiasi kwamba dirishani anakaa mtu na miguu yake. Juu yake hupigwa chokaa. Na chokaa si ya kununua leo ukapaka leo. Inatiwa shimoni na maji, inaachwa miezi, mpaka ilainike iwe kama mtindi. Baba alikuwa na shimo lake uani, na kila Shaabani, kabla ya Ramadhani kuingia, wapangaji wote tulitoka na brashi kuipaka nyumba. Muuza viatu wa wakati ule alikuwa akijipaka mwenyewe zaidi kuliko ukuta. Bi Mkubwa aliteremsha maji ya ndimu na maneno: hapo pameruka, hapo pameruka, huyo kijana anapaka kwa mkono wa kushoto.

Ukuta wa namna hiyo unakunywa. Masika unavuta unyevu kutoka ardhini, kiangazi unautoa kidogo kidogo kwa mbele, na kwa kuwa juu yake pana chokaa, hakuna kinachouzuia. Hayo nayajua sasa. Wakati ule nilichokijua ni kwamba ukuta wangu unamwaga unga mweupe, na unga ule unashukia lesi nyeusi na vitambaa vya mabuibui. Mteja wa buibui hana mchezo. Anakipeleka kitambaa mlangoni penye mwanga, anakigeuza, akiona chembe nyeupe anakuwekea mezani bila ya neno. Nilikuwa nikikung'uta asubuhi na jioni. Nilichoka, na zaidi ya kuchoka niliona haya. Maduka ya Darajani yalishatiwa vigae na taa nyeupe, mie bado niko kwenye vumbi kama muuza unga.

Basi mwaka wa pili baada ya msiba nikamwita mwashi, yule yule mzee aliyekuwa akifanya kazi na baba. Nikamwambia nataka ukuta wa mbele upigwe saruji, ndani na nje, kutoka chini mpaka karibu na dari.

Akauangalia ukuta, akaniangalia mie. "Ukuta huu haupigwi saruji," akasema. "Utauziba pumzi."

"Kwani ukuta una pua, mzee?"

Nilisema hivyo mbele ya wateja, na wateja wakacheka, nami nikafurahi kwamba wamecheka. Yeye akakunja kamba yake na pimamaji yake akaenda zake. Hakugombana. Mwashi wa kweli hagombani nawe, anakuachia kazi yako.

Nikaenda kumleta fundi kutoka Fumba, kule kwenye majumba mapya. Kijana mwepesi, msafi, anajua matofali na saruji kama anavyojua jina lake, na ukuta wa matumbawe hajapata kuugusa. Siku nne akamaliza. Ukuta ukawa laini, tukatia vigae mpaka kiunoni na rangi ya mafuta juu yake. Muuza viatu na muuza simu wakaja kuupapasa, wakasema na wao watafanya, na kwa uvivu wao hawakufanya. Shimo la chokaa nikalifukia, nikaweka jenereta juu yake. Shaabani iliyofuata nikawaambia wenzangu mie sipaki tena, wangu umekwisha. Na kwa kuwa baba hayupo wa kuwatoa watu, hakuna aliyepaka.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mtu mwenye raha. Vumbi halikuwepo. Halafu, masika ya mwaka juzi, rangi ikaanza kuvimba. Baadaye doa likatokea juu, palepale ilipokwisha saruji, karibu na vichwa vya boriti. Na juu ya doa lile, kwa upande wa Bi Mkubwa, ndipo kilipo choo chake cha kuogea. Mtu yeyote angeangalia angesema maji yanatoka juu. Nami nikasema. Nilikuwa wa kwanza kusema.

Siku moja baada ya Alasiri, kipande cha ukuta wangu chenye upana wa mlango kikaangukia njiani, pamoja na ncha za boriti mbili. Mungu aliepusha, hapakuwa na mtu anayepita. Kule juu sakafu ya chumba cha mbele ikateremka kama kitanda kilichokatika kamba. Nilipanda ngazi mbio nikamkuta Bi Mkubwa amekaa kwenye kiti chake nyuma ya chumba, ameshika tasbihi. Aliniuliza kama mie mzima. Nikamwambia mzima. Akasema Alhamdulillahi, basi, mengine yanajengwa.

Watu wa ofisi ya nyumba za serikali wakaja, wakaegemeza magogo, wakasema anayekaa juu ahame mpaka ukuta utengenezwe. Kisha afisa akatuita sisi wa chini akatuambia tuandike tunachokijua kuhusu sababu. Na akatuambia wazi: ikionekana mpangaji ndiye aliyeharibu, hatarudishwa. Vyumba vitapewa mwengine.

Tukakaa dukani kwa muuza viatu. "Bibi yule anaoga kama bata," akasema muuza viatu. Muuza simu akasema, "Nshamsikia mie, maji yanakwenda tu, swala tano zote." Hakuna aliyesema kwa ubaya. Walikuwa wakisema kama watu wanavyosema wakiwa wamekaa. Kisha karatasi ikaletwa kwangu, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Nikaandika kwamba sisi wapangaji wa chini tunathibitisha kuwa maji yaliyoangusha ukuta yanatoka katika choo cha mpangaji wa juu. Nikatia sahihi yangu, wakafuatia wao.

Niliamini nilichokiandika? Nimejiuliza mara nyingi. Nusu niliamini. Nusu nyengine nilikuwa najua pana kitu, na sikutaka kukitazama, kama mtu anayejua mfukoni mwake mna barua ya hospitali.

Mpwa wake wa Kiwengwa, anayefanya kazi ya bustani katika mojawapo ya mahoteli ya kule, akaja kumchukua na gari ya kukodi. Bi Mkubwa alikuwa na sanduku moja na godoro. Alisimama mlangoni kwangu.

"Mwanangu, nnakwenda. Wameniambia nimeiangusha nyumba."

"Mungu atajaalia, Bi Mkubwa," nikamwambia. Na mikono yangu ikawa inapanga vifungo ambavyo vilishapangwa.

Baada ya kiasi cha mwezi mmoja ofisi ikaleta mwashi wa kuufungua ukuta. Nani atakuja kama si yule mzee. Amekuwa mkongwe, anapanda kidato kimoja anapumzika, lakini tindo mkononi mwake haitikisiki. Akanisalimu vizuri, nami nikampa shikamoo kwa sauti ndogo. Akaanza kubandua vigae vyangu, kimoja kimoja. Nyuma ya saruji udongo ulikuwa umelowa kama uji. Mawe aliyatoa kwa vidole. Maji yote ya ardhini, ya masika yote yale, yalikuwa yakitafuta pa kutokea, yakakuta saruji mbele na saruji nyuma, yakapanda mpaka juu yakaingia kwenye vichwa vya boriti.

Kisha akaniambia nimfuate juu. Tukapita pembeni ya magogo mpaka chooni kwa Bi Mkubwa. Ndoo yake ilikuwepo, na kata yake imening'inizwa ukutani. Mzee akapiga magoti, akafungua ubao mmoja pembeni, akatia mkono chini ya sakafu ile.

"Gusa," akasema.

Nikagusa. Pakavu. Boriti za pale zilikuwa kavu na ngumu kama siku zilipokatwa. "Choo hiki kimesakafiwa na mtu aliyejua kazi yake," akasema mzee. "Hakijapata kuvuja." Basi. Hakutaja saruji, hakutaja pua ya ukuta. Nilitamani anitukane, wallahi, nilikuwa tayari kutukanwa. Alijipangusa uso kwa kofia yake akaniuliza kama dukani pana maji ya kunywa.

Yeye ameletwa kujenga, haandiki ripoti. Afisa alikuwa na karatasi yetu mkononi na hakuhitaji nyengine. Kwa hiyo waliokuwa wakijua ni mie na mwashi. Nikakaa kimya siku tisa. Nazihesabu kwa sababu kila siku nilijipa sababu mpya. Mara nasema ngoja kwanza ukuta usimame. Mara nasema Bi Mkubwa ameshazeeka, ngazi zile zilikuwa zikimuua, huko kwa mpwa wake kuna watu wa kumtazama. Sababu yenyewe ilikuwa moja: mpangaji aliyeharibu haruhusiwi kubaki, na aliyeharibu ni mie. Duka ni la baba yangu. Sina kazi nyengine, sijui nyengine. Niliogopa, na woga ule ulikuwa na ladha kabisa mdomoni.

Siku ya kumi akaja mteja wangu wa Kiwengwa, mwanamke anayelima mwani, na bamvua la maji makubwa likipita hukaa nyumbani kushona kofia. Akachagua nyuzi zake. Akasema, "Yule bibi wenu wa mjini tunaye kule. Mtu mwema, lakini amekuwa wa ajabu. Nguo hafui mpaka abembelezwe." Nikamuuliza kwa nini. Akasema hajui, labda utu uzima. Mie nikayakumbuka maji niliyomwandikia.

Nilifunga duka kabla ya Adhuhuri, jambo ambalo sikupata kulifanya isipokuwa msibani. Nikaandika karatasi ya pili, kwa mwandiko ule ule: saruji niliipiga mimi, nilikatazwa nikakaidi, choo cha juu ni kikavu, mwashi ni shahidi. Nikaipeleka mwenyewe. Afisa akaisoma mara mbili, akaniuliza kama najua maana yake. Nikamwambia najua. Akasema Bi Mkubwa atarudi vyumbani mwake ukuta ukikamilika, na habari yangu itazungumzwa. Mpaka leo inazungumzwa. Mzee amefukua shimo uani, chokaa imo ndani inalainika, na mie nauza vifungo huku nikingojea barua.

Kesho yake nikenda Kiwengwa. Nyumba ya mpwa wake iko nyuma ya mahoteli, ya matofali, ya chini, ina uwa wa mchanga na mfereji wa bomba pembeni. Nikapiga hodi, mke wa mpwa akanikaribisha. Adhana ya Adhuhuri ilikuwa inakwisha.

Bi Mkubwa alikuwa amekaa kwenye kibao kidogo katikati ya uwa, mbali na mfereji, mbali na ukuta, anatia udhu kwa kikombe cha chai. Kikombe kimoja. Anamimina tone kiganjani, anapangusa uso. Anamimina tone, anapangusa mkono. Maji yaliyodondoka mchangani akayafukia kwa kidole cha mguu.

"Ndivyo alivyo tangu kuja," mke wa mpwa akaninong'oneza. "Tumemwambia atumie mfereji, hataki. Anasema asije akaiangusha na hii."

Nikakaa chini mchangani mbele yake. Nikamwambia shikamoo, akasema marahaba, mwanangu, duka umemwachia nani. Nikamwambia yote. Sikupamba. Saruji, mwashi, vigae, choo kikavu, karatasi. Alisikiliza kikombe kikiwa mkononi.

"Kwa hivyo si maji yangu?"

"Si maji yako, Bi Mkubwa. Ni mie."

Akasema, kwa utulivu, kama anayesimulia habari ya mtu mwengine: "Waliponionesha ile karatasi nilitaka kukataa. Nilikuwa nshafungua mdomo. Halafu nikauona mwandiko wako. Nikasema, kama kaandika yeye, basi itakuwa ni kweli."

Nililia, na hakunibembeleza. Akaniwekea kikombe mapajani, akaninyooshea mkono nimwinue, tukaenda mpaka kwenye mfereji.

"Fungua," akasema.

Nikafungua. Akaniashiria nizidishe, nikazidisha. Akaanza udhu wake upya, viganja, mdomo, pua, uso, kila kimoja mara tatu, na maji yakawa yanakwenda mchangani mpaka kwenye ukuta wa nyumba.